Mlango Usioonekana

Kwa miaka thelathini na ushei, mlango wa mbele wa jengo la mafao ya wastaafu ulifanya kazi moja tu: kuwakatisha watu tamaa kabla hawajafika kaunta. Ulikuwa wa mbao nyeusi na nondo, umejificha chini ya kibaraza cha zege, na aliyeusukuma aliingia kwenye giza la saa moja jioni hata kama nje jua la saa sita lilikuwa linachoma utosi. Kuta zilikuwa za kahawia. Makochi nayo yalikuwa ya kahawia, ya aina ile ambayo ukikaa unazama, na mzee aliyekuja kufuatilia mafao yake alihitaji mtu wa kumvuta mkono ili asimame. Juu ya kaunta palikuwa na taa tatu. Moja iliwaka, ya pili ilikuwa bado inafikiria, na ya tatu ilikuwa imestaafu kabla ya wastaafu wenyewe.

Hakuna aliyelalamikia mlango. Watu walioingia pale walikuwa na malalamiko makubwa zaidi. Lakini mkurugenzi alisafiri siku nane kwenda mkutanoni, akalala kwenye hoteli yenye ukumbi wa vioo, akarudi hana raha. Aliitisha kikao, akasema jengo limepitwa na wakati na kwamba mwananchi anastahili kupokewa na mwanga. Mafaili yanayopotea hayakutajwa. Kazi ikakabidhiwa kwa meneja wa utawala, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Taswira kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kulichomeka neno hilo. Naye akaupa mradi jina, Mng'aro na Makaribisho, akalichapa kwenye karatasi na kulibandika mpaka chooni.

Wa kwanza kupata habari, kabla hata ya makatibu, alikuwa mfagizi. Wafagizi husikia kila kitu, maana hakuna anayepunguza sauti mbele ya ndoo. Pale kazini walimwita Mama Dekio, na alikuwa ameupiga deki ukumbi ule kwa miaka kumi na minne. Habari zile hazikumpendeza hata kidogo. Giza lilikuwa limemsitiri sana: sakafu ya gizani haihitaji kuwa safi, inahitaji kunukia sabuni tu. Mwanga ni mmbea, hauna siri. Kilichomtuliza ni neno moja alilolisikia wakati anafuta meza ya kikao. Vioo. Mlango wote, na ukuta mzima wa mbele, ungekuwa wa vioo.

Mume wake alikuwa fundi vioo. Si wa kubahatisha, fundi hasa, aliyejifunza kazi kwa kukatwa vidole. Karakana aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa imefungwa tangu mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa akiishi kwa kubadilisha vioo vya madirisha vilivyopigwa mipira na kutia fremu picha za harusi za watu. Ni kazi, ila si kazi ya mwanaume aliyewahi kuvalisha vioo jengo la ghorofa sita. Siku hizi akipita mbele ya jengo hilo alikuwa anatazama chini.

Basi asubuhi iliyofuata Mama Dekio akamwendea Bwana Taswira ofisini. Hakukaribishwa kiti. Bosi aliinua miguu tu ili dekio lipite chini ya meza, na Mama Dekio akamweleza shida yake hivyohivyo, ameinama, akizungumza na soli za viatu. Soli zilimsikiliza. Mwisho Bwana Taswira akasema mwambie aje na bei zake, tuone. Kisha akashusha miguu kwenye sakafu mbichi.

"Lakini elewa kitu kimoja, mama," akaongeza. "Huyo akiharibu, mimi sitahangaika kutafuta mbali mtu wa kumfukuza."

*

Nyumbani fundi alipokea habari kama mgonjwa aliyeambiwa avae nguo aende zake. Alitoa begi la vifaa uvunguni, akakitia mafuta kisu chake cha kukatia, akakitazama, akakitia tena. Mama yake, bibi mwenye ulimi usiolala ambaye alikuwa akiishi nao tangu afiwe na mumewe, alisema afadhali, maana alikuwa amechoka kuwaambia majirani kwamba mwanawe yuko likizo.

"Likizo gani ya mwaka mzima?" akasema. "Hata maiti hapumziki hivyo."

Bei zake zilipita kwa sababu zilikuwa za chini kuliko za wote, jambo ambalo hakumwambia mama yake. Akaahidiwa kwamba mlango ukitoka vizuri, atapewa na madirisha ya ghorofa zote tano. Ahadi hiyo ndiyo iliyoijaza nyumba. Binti yao aliyekuwa sekondari akaanza kuzungumzia viatu vipya kwa sauti ya mtu ambaye hajaomba, ametaja tu.

Kazi ilianza kwa kubomoa. Kibaraza cha zege kilishushwa, nondo zikakatwa, na siku ya nne jua likaingia ukumbini kwa mara ya kwanza tangu jengo lizinduliwe. Halikuona kitu kizuri. Liliwaonyesha wafanyakazi makochi yao, wakayaonea haya. Fundi vigae akatandaza sakafu nyeupe, fundi bomba akahamisha mabomba yaliyokuwa yanapita darini kama mishipa ya shingo, na mume wa Mama Dekio akaanza kusimamisha vioo, kimoja baada ya kingine, virefu kuliko mtu na nusu, vinene kama kidole.

Ndipo ndoa ikapata mtihani wa aina yake. Kila kioo alichokisimamisha mume asubuhi kilikuwa na alama za vidole adhuhuri, na wa kuzifuta alikuwa mke. Alifuta vidole vya mafundi, vya makatibu waliokuja kujitazama, vya wastaafu walioshika kioo wakidhani ni nafasi ya kupita. Alifuta mashavu. Jioni njiani mume alizungumzia mwanga, mke alizungumzia mafuta ya ngozi ya binadamu, na kila mmoja alimwona mwenzake hajui maisha. Hata hivyo aliporudi nyuma hatua kumi na kuutazama ukuta ule unavyong'aa, Mama Dekio alijisikia raha ambayo hakutaka kuionyesha. Mwanaume yule alikuwa anajua kazi yake, na alikuwa wake.

Mlango wenyewe ulikuja mwisho, mabawa mawili ya kioo kitupu yasiyo na fremu. Ulipokwisha kusimama, fundi alikoroga chokaa kwenye kopo, akachora alama kubwa ya mkasi kwenye kila bawa, mstari kutoka pembe hadi pembe na mwingine kuukata, kama ile ambayo mwalimu humchorea mtoto aliyekosa hesabu. Hiyo ni sheria ya mafundi vioo. Haijaandikwa popote, na haikuhitaji kuandikwa. Kioo kipya hakionekani, na mtu hutembea akitazama mbali. Fundi anayeacha kioo kitupu bila alama ni sawa na anayechimba kisima akaondoka bila kukifunika, na wenzake wakimjua hawampi hata ngazi ya kushikilia.

Bwana Taswira aliitazama alama ile kama mtu aliyeona funza kwenye tunda. Akataka ifutwe. Fundi akakataa kwa adabu, akasema lazima kuwe na kitu pale, angalau karatasi za kubandika usawa wa macho, au ile mikono ya chuma ya kushikia ambayo ilikuwa bado haijaletwa. Bwana Taswira akasema karatasi hazitakuwepo kabisa. Mkurugenzi anataka mwananchi ahisi kwamba hakuna mlango. Wakabishana kistaarabu, maana mmoja alikuwa anamlipa mwenzake. Mwishowe wakakubaliana: alama ibaki mpaka mikono ya chuma ifungwe.

*

Siku ya uzinduzi mikono ya chuma ilikuwa bado iko dukani. Bwana Taswira alikumbuka jambo hilo saa mbili na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya mkurugenzi kufika, akamtuma fundi akaifuate mbio ili ifungwe hata kama hotuba zitakuwa zimeshaanza. Fundi akaondoka. Hakumwagiza mtu yeyote kuhusu mlango. Alama ilikuwepo, na alama inajisemea yenyewe.

Nje walikuwa wanafagia barabara, vumbi linaingia ukumbini, kwa hiyo Mama Dekio akaufunga mlango. Mlinzi aliyepangiwa kusimama pale na kuwafungulia wageni alikuwa amechukuliwa kwenda kupanga viti. Bwana Taswira akapita akiwa na karatasi mkononi na jasho kwenye kola.

"Mama, dakika tano. Sitaki kuona kitu chochote pale mlangoni. Chochote."

Mama Dekio alijua maana ya ile alama. Mke wa fundi vioo asijue? Alijua, na akasimama nayo uso kwa uso, kitambaa mkononi. Aliwaza kwamba mlinzi anarudi sasa hivi. Aliwaza pia jambo ambalo hakumwambia mtu baadaye: kwamba wakubwa wote watakuja kutazama kazi ya mume wake, na wataiona ikiwa imechorwachorwa kama kibanda kinachosubiri kubomolewa. Roho ikamuuma. Akalowesha kitambaa, akafuta. Akakausha. Akafuta mara ya pili kwa gazeti, kama yeye tu alivyojua kufuta, mpaka mlango ukatoweka. Ng'ambo ya barabara gari jeusi lilikuwa limesimama, injini inanguruma, linasubiri.

Mlinzi hakurudi. Mkurugenzi alishuka garini akiwa na suti ya rangi ya maziwa, akavuka, akapanda ngazi akimpungia mpiga picha aliyekuwa amejibanza pembeni. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayekaribishwa na mwanga, kifua mbele, meno nje, na kwa mwendo huohuo akaingia kwenye kioo.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kopo la rangi lililoanguka kutoka ghorofani. Kwa muda mfupi mkurugenzi alibaki amesimama, ameegemea hewa, uso umebanwa, pua imelala upande. Kisha akashuka taratibu, na suti ikabadilika rangi. Kimya kilikuwa cha msibani, isipokuwa mstaafu mmoja aliyekuwa akifuata faili lake kwa mwaka wa tatu. Huyo alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Kioo hakikuvunjika. Hilo lisemwe, kwa haki ya fundi. Hakikutikisika hata kidogo.

*

Walikutana ofisini kwa Bwana Taswira saa tano. Mkurugenzi alikuwa kwenye kiti kikubwa, barafu puani, na barafu ile ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha Mama Dekio. Mwenyewe alimwomba Mungu kiwe kile cha meza, kisiwe cha chooni. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba na mikono ya chuma kwenye mfuko wa plastiki, maana hakuna aliyemwambia aiweke wapi.

Mama Dekio alisubiri aulizwe. Alikuwa amejiandaa njiani kote, ameyapanga maneno: niliambiwa, nikafuta. Lakini Bwana Taswira hakumtazama. Alijua akimwuliza mfagizi, jibu litazunguka chumba na kuja kutua kwenye paja lake mwenyewe. Akamgeukia fundi.

"Wewe ni fundi au si fundi? Kulikuwa na alama kwenye kile kioo, au hakukuwa na alama?"

Fundi alimtazama mke wake. Alitazama kitambaa kingine kilichokuwa begani mwake, na unga wa chokaa uliokuwa umemganda kwenye kucha. Alielewa. Uso wake haukubadilika, ila ule mfuko wa plastiki ukalia kidogo mkononi.

"Hakukuwa na alama," akasema. "Nilisahau."

Mama Dekio alifungua mdomo. Karo ya binti ikapita mbele yake, ikapita kodi ya nyumba, zikapita dawa za presha za mama mkwe, zote zikiwa zinategemea mshahara wake wa kila mwezi na wala si mlango wa mtu. Akaufunga mdomo. Lilikuwa jambo la pumzi mbili tu, na katika pumzi mbili hizo mume wake aliambiwa kwamba yeye ni kanjanja, kwamba ameharibu taswira, kwamba madirisha asahau na asionekane tena karibu na jengo. Alisema samahani. Akaweka mikono ya chuma juu ya meza taratibu, akatoka.

Bwana Taswira ndipo akamwona Mama Dekio. Akamwambia asishangae pale, kuna damu ukumbini.

*

Mafundi wa mji ule walikuwa na kijiwe mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, wakikaa juu ya mifuko ya saruji kusubiri wateja. Habari ilifika pale kabla ya fundi mwenyewe. Siku ya pili fundi vigae alikuwa ameshampa jina, Fundi Pua, na siku ya tatu jina hilo lilikuwa linatumiwa na muuza duka bila kucheka, kama jina la kawaida. Mteja akiuliza fundi vioo, alielekezwa kwa mwingine. Alikuwa akiambiwa yule usimchukue, huacha vioo bila alama.

Fundi aliendelea kwenda kijiweni kila asubuhi na kukaa kwenye mfuko wake. Alijikaza kisabuni. Nyumbani hakusema lolote baya, na hilo ndilo lililomtesa mke wake. Angemtukana wangekuwa sawa. Usiku ule wa kwanza mke alipotaka kuzungumza, mume alimkatiza, akasema jina langu limeshaanguka, mshahara wako ndio nyumba, tusiangushe vyote viwili, na akageukia ukuta. Baada ya hapo aliongea mambo ya chumvi na maji tu.

Mama mkwe hakujua kitu, kwa hiyo alizungumza kwa wote watatu. Alisema marehemu mume wake alikuwa seremala, na hajawahi kuacha msumari umetokeza hata siku moja. Alisema haelewi alimzaa wapi huyu.

"Mkwe wangu, wewe ndiye umetusitiri," akamwambia Mama Dekio mezani, mbele ya mwanawe. "Mwanaume ameshindwa kuchora mistari miwili. Mungu akubariki mwanangu, kama si wewe tungekuwa barabarani."

Fundi aliendelea kula. Mama Dekio aliangalia sahani yake, na kila baraka ilimwingia kama mfupa wa samaki. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Alikuwa anashukuriwa kwa kosa lake na aliyelibeba kosa hilo alikuwa anaomba apitishiwe chumvi, na yeye alikuwa ameketi katikati akiitikia asante mama.

Ikapita wiki ya tano, ya sita. Shule moja ikamwita fundi kwa madirisha ya darasa, kisha mwalimu mkuu akapiga simu kusema wamepata mtu mwingine. Alisema kwa upole sana, akaongeza kwamba wana watoto wengi, wanakimbiakimbia, bila shaka anaelewa. Fundi alisema anaelewa. Siku hiyo alilirudisha begi la vifaa uvunguni, na mke wake aliyekuwa anakunja nguo aliliona likisukumwa kwa mguu mpaka likagonga ukuta.

*

Jengoni mambo yalikuwa yamenyooka. Karatasi zilizokatazwa zilikuwa zimebandikwa mlangoni, ndege wadogo wa bluu usawa wa macho, na Bwana Taswira alieleza wageni kwamba ndege wanawakilisha matumaini. Ukumbi ulikuwa unang'aa. Wastaafu walipokewa na mwanga, wakakaa kwenye viti vipya vilivyomwezesha mtu kusimama bila msaada, wakaambiwa waje kesho.

Jumanne moja mchana mkurugenzi alisimama ukumbini akisubiri gari lake. Pua ilikuwa imepona, ila ilikuwa imebaki na kilima kidogo katikati, na aliigusa mara kwa mara kama mtu anayehakikisha kwamba pochi ipo. Mama Dekio alikuwa anafuta ndege. Mkurugenzi siku hiyo alikuwa na furaha, nadhani alikuwa amekula vizuri, akaanza kuzungumza naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na minne.

"Wewe mama unafuta kioo mpaka kinaisha," akasema. "Siku ile nilikuona. Nilikuwa garini pale ng'ambo, namsubiri mpiga picha ajipange. Ulikuwa unakisugua na gazeti."

Kitambaa kikasimama. Mama Dekio akauliza, polepole, kama aliona pia alichokuwa anakifuta.

"Si lile dude jeupe? Niliona." Akacheka. "Kisha nikaanza kufikiria picha, nikasahau kabisa."

"Sasa bosi, mbona hukusema? Fundi alifukuzwa."

Mkurugenzi alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Ningesema nini? Kwamba niliona kioo kinafutwa, halafu nikakiingia mwenyewe? Afadhali fundi mzembe, mama. Mafundi wako wengi."

Gari likafika. Akatoka akiwa amenyoosha mkono mbele, kama alivyozoea siku hizi, mpaka alipougusa mlango.

Mama Dekio alibaki pale. Hasira ilimpanda, na ilipofika juu alikuta haina pa kukaa, maana mkurugenzi alikuwa amefanya jambo lilelile alilolifanya yeye. Wote wawili waliijua kweli, wote wawili walikuwa na sababu nzuri, na wote wawili walikuwa wamemwachia mtu mmoja aibebe. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anakula naye sahani moja. Alijionea aibu mpaka masikio yakawaka. Akalitia dekio kwenye ndoo, akatoka saa nane kamili, saa mbili kabla ya muda wake, na sare yake ya kazi mwilini.

*

Kijiweni walikuwepo saba. Muuza duka alikuwa mlangoni, fundi vigae alikuwa anasimulia kitu kwa mikono, na fundi bomba alikuwa amelala juu ya saruji, kofia usoni. Fundi bomba huyu bado alikuwa anatengeneza vyoo vya jengo lile kila Jumatano asubuhi, na alikuwa akipata chai ofisini kwa Bwana Taswira kwa sababu hakuwahi kwenda mikono mitupu; kila mara alikuwa na habari. Mama Dekio alimwona, akajua kabisa kwamba atakachosema kitafika kwa bosi. Mume wake alikuwa mwisho wa safu, peke yake. Alipoiona sare ile akasimama, akidhani kuna mtu amekufa nyumbani.

"Kaa," akamwambia. Kisha akawageukia wengine. "Nyinyi mnaomwita mume wangu Fundi Pua, sikilizeni. Alama aliweka. Aliichora yeye, niliifuta mimi. Nilikuwa naijua maana yake na nikaifuta. Akasema alisahau ili mimi nisifukuzwe, na mimi nikanyamaza."

Kofia ya fundi bomba ilikuwa imetoka usoni, macho yake wazi kabisa. Muuza duka akakohoa. Fundi vigae alimtazama mwanamke, akamtazama mumewe, na ule utani aliokuwa ameuandaa ukamfia mdomoni.

"Kumbe uliweka?" akamwuliza fundi.

Fundi hakumgeukia. Alikuwa anamtazama mke wake kwa macho makali, ya mtu aliyejenga ukuta kwa wiki sita akaona unasukumwa na kidole.

"Niliweka," akasema.

"Ya chokaa?"

"Ya chokaa. Kila bawa lake, pembe hadi pembe, upana wa kiganja."

Fundi vigae akatikisa kichwa. Akasogea, akapangusa vumbi kwenye mfuko wa saruji uliokuwa karibu naye, akasema kaa huku, fundi. Lakini fundi hakukaa. Alimshika mke wake kiwiko, wakaondoka.

Walitembea mtaa mzima, mume mbele, mke hatua mbili nyuma. Kwenye kona akasema, bila kugeuka, kwamba kesho ni Jumatano, siku ya yule wa bomba.

"Najua."

"Saa tatu atakuwa ameshakunywa chai."

"Najua."

"Miaka kumi na minne, mke wangu. Unamwaga unga kwa sababu ya mistari miwili ya chokaa. Umetumaliza."

Mama Dekio alisema anajua hilo pia, na kwamba akitaka kumpiga ampige, ila asimwambie tena habari ya chumvi. Mume akasimama. Alikuwa amekunja uso, na uso ule ulikuwa unahangaika na kitu, unakizuia, kinatoroka pembeni mwa mdomo.

"Yule wa vigae," akasema. "Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alivyopangusa ule mfuko?"

"Kama anampangusia mkurugenzi."

Kicheko kilimtoka fundi kwa nguvu mpaka mpita njia akageuka. Mke wake hakuwa amekisikia tangu siku ya uzinduzi, na alipokisikia naye akashindwa kujizuia, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka wakati huohuo na hakujua ni ya upande gani. Walicheka mpaka ikabidi wasimame pembeni ya barabara, wameshikana mabega, watu wazima wawili ambao kesho yake hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kwenda.